UKURASA WA FUNDI: Kontrola ya Baiskeli ya Umeme

Leo twajibu swali moja tu, lakini ni swali lenye fedha ndani yake, na hatari pia. Tuseme baba mmoja wa Manika amekwisha kupata gurudumu lenye mota katikati yake. Amepata na betri. Sasa asimama mbele ya meza ya muuza vyombo, naye aonyeshwa visanduku vitatu vya aluminiamu, vyenye nyaya nyingi kama mizizi ya mti uliong'olewa. Kimoja kimeandikwa ampea 15, cha pili 22, cha tatu 35. Muuzaji amwambia: "Papa, chukua hiki kikubwa, ndicho chenye nguvu." Je, amsikilize?

Mimi nasema asimsikilize, na sababu zangu nitazieleza polepole, hata kijana wa darasa la sita aweze kuzifuata akiwa na kalamu mkononi.

Kwanza tumtazame mtu mwenyewe. Huyu hakutafuta chombo cha kuchezea. Ni mwenye watoto, mwenye kubeba makala au magunia ya unga, aliyezoea kupanda kila kilima kwa miguu huku akiisukuma baiskeli kwa kifua. Katika vyombo vyote alivyonunua, betri ndiyo iliyokula fedha nyingi kupita vingine. Huenda ni akiba ya mwaka mzima. Kontrola ndiyo ya bei ndogo. Lakini kontrola isiyofaa yaweza kuua betri ile, yaweza kuunguza mota, na yaweza kumtupa mtu mbele ya malori ya madini katika njia ya Likasi. Basi kitu cha bei ndogo ndicho chenye kulinda au kuharibu vile vya bei kubwa.

Kontrola ni kitu gani?

Watu wa Kolwezi wanao mfano mkubwa wa kazi hii mlangoni pao. Mwaka 1982 ulikamilika mstari wa umeme utokao Inga, kule chini kwenye mto Kongo, mpaka Kolwezi, urefu wake kilomita 1,700 hivi. Katika nyaya hizo umeme husafiri kwa mkondo mnyoofu, wenye volti 500,000, kwa kuwa katika safari ndefu namna hiyo mkondo mnyoofu hupoteza nguvu kidogo zaidi. Lakini mitambo ya migodi haitumii umeme wa namna hiyo. Yataka mkondo geu, ule uendao na kurudi mara 50 katika kila sekunde. Kwa hiyo umeme ufikapo Kolwezi huingia katika kituo cha kuugeuza. Humo mna milango ya umeme isiyo na bawaba wala kitu chochote cha kusogea, ambayo hufunguka na kufungwa kwa zamu, na mkondo ulioingia ukiwa mnyoofu hutoka ukiwa mkondo geu wa nyaya tatu.

Kontrola ya baiskeli ni kituo cha namna hiyo hiyo, ila chaenea katika kiganja cha mkono.

Betri hutoa mkondo mnyoofu. Mota iliyo ndani ya gurudumu ina koili za waya wa shaba zilizogawanywa katika makundi matatu, na kuzizunguka zimepangwa sumaku. Koili zikipewa umeme kwa zamu, kundi la kwanza, la pili, la tatu, na tena la kwanza, sumaku huvutwa mbele hatua kwa hatua, na gurudumu huzunguka. Kontrola ndiyo yenye kugawa zamu hizo. Ndani yake mna transista 6, au 12, au 18, nazo ndizo ile milango. Mna kapasita nene za kutuliza umeme utokao kwenye betri, na kibao kidogo chenye akili ya kuhesabu.

Lakini kontrola itajuaje kwamba sasa ni zamu ya kundi la pili? Mwaka 1879 Mmarekani Edwin Hall aligundua kwamba sumaku ikikaribia kipande cha madini kinachopitiwa na umeme, volti ndogo hutokea upande wa pili wa kipande kile. Kutokana na ugunduzi huo vimetengenezwa vihisi vidogo sana, na mota nyingi za baiskeli zina vihisi vitatu vya namna hiyo ndani. Kila sumaku ipitapo, kihisi hupeleka habari: "Nimeiona." Zipo mota zisizo navyo, na kontrola zisizovihitaji. Hizo husikiliza volti ambayo koili zenyewe hutoa zikizunguka. Waona kasoro yake: gurudumu likiwa limesimama, koili hazitoi volti yoyote, na kontrola hubahatisha. Kwa mtu mwepesi katika barabara sawa si neno. Kwa mtu mwenye magunia mawili penye mwinuko, gurudumu litatetemeka na kugoma. Mbeba mizigo na achague mota na kontrola zenye vihisi.

Anza na betri

Wengi huanza kwa kusoma wati zilizoandikwa kwenye mota. Hiyo ni njia ya nyuma. Kontrola huchaguliwa kwanza kwa betri, kisha kwa mota, na mwisho kwa mambo ya vishikio na breki.

Soma volti za betri. Betri iitwayo ya volti 36 ina seli 10 zilizofuatana, na ikijaa kabisa hufika volti 42. Ile ya 48 ina seli 13, na ikijaa hufika 54.6. Kontrola nayo imeandikwa volti zake, na hapana budi zipatane. Ukifunga kontrola ya volti 36 kwenye betri ya 48, kapasita zake, ambazo mara nyingi kikomo chao ni volti 50, zaweza kupasuka siku ile ile kwa mlio wa kushtua. Ukifanya kinyume, yaani kontrola ya 48 kwenye betri ya 36, hutaunguza kitu, lakini baiskeli haitakwenda. Kwa nini? Kwa sababu kila kontrola ina kikomo cha chini, ambapo hukata umeme ili betri isikaushwe mpaka kufa. Kontrola ya 48 hukata karibu na volti 40 au 42. Na betri ya 36 hata ikijaa haipiti 42. Wako wanaotumia betri 4 za risasi za volti 12, kama zile za magari. Hizo zisishuke chini ya volti 42 kwa jumla, basi kontrola yenye kukata kwenye 42 ndiyo yao.

Kisha soma ampea ambazo betri yaruhusu. Ndani ya betri nzuri mna kibao cha ulinzi, ambacho hukata umeme mtu akivuta kupita kiasi, au seli moja ikishuka mno. Kibao hicho kina kikomo chake: 15, 20, 30. Kontrola yapasa iwe chini ya kikomo hicho, wala si sawa nacho. Kibao kikiwa cha ampea 20, kontrola ya 15 au 17 yafaa sana. Tuseme baba yetu amemsikiliza muuzaji akaifunga ile ya 35. Katika barabara sawa hatajua lolote. Siku ya kupanda kilima na mzigo kontrola itaita ampea 30, kibao cha ulinzi kitaona hatari na kukata ghafula, na baiskeli itakufa katikati ya mwinuko. Ataizima na kuiwasha, itakata tena. Hapo ndipo fundi asiye na dhamiri humwambia: "Kibao hiki chakusumbua, nikuondolee." Papa, usikubali neno hilo hata ukipewa bure. Seli za lithiumu zisizo na mlinzi huwaka moto, na moto wake hauzimiki kwa ndoo moja ya maji. Nayo betri ya baiskeli kwa kawaida hulala chumbani pamoja na watoto.

Mtu atauliza: je, ampea 15 zatosha kupanda kilima na mzigo? Tuhesabu. Mtu, baiskeli na mzigo pamoja tuseme ni kilo 150. Mwinuko ni wa mita 5 katika kila mita 100, na mwendo ni kilomita 10 kwa saa. Kupandisha kilo hizo kwataka wati 204 hivi. Msuguano wa magurudumu katika njia ya udongo waongeza wati 60 au zaidi kidogo. Jumla yakaribia 270. Mota iendayo polepole hupoteza nguvu nyingi kwa joto. Tuhesabu kwamba katika kila wati 10 zitokazo kwenye betri, 6 tu hufika kwenye gurudumu. Basi betri itatoa wati 450 kasoro kidogo. Gawanya kwa volti 48: ni ampea 9 na nukta. Ongeza mzigo mpaka jumla iwe kilo 200, na utapata ampea 12 au 13. Nazo hesabu hizi ni za mtu aliyeketi tu bila kukanyaga pedali. Akisaidia kwa miguu, zitapungua tena.

Waona basi kwamba ile 35 haikuwa nguvu ya kupandia kilima, bali ni nguvu ya kuchoma vitu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria husema mota ya baiskeli ya kawaida isipite wati 250 za kudumu, na isiendelee kusukuma baada ya kilomita 25 kwa saa. Na milima ipo huko, tena watu huipanda. Mota yenye maandishi ya wati 500 yaweza kuvumilia maradufu kwa dakika chache, wala si kwa nusu saa. Shaba ya koili hupata moto, rangi inayoifunika huungua, nyaya hugusana, na hapo mota imekwisha.

Kama bado hujanunua betri, nakushauri volti 48 kuliko 36. Sababu ni ile ile iliyowafanya wahandisi wa Inga watumie volti nyingi. Nguvu ni volti mara ampea. Wati 720 kwa volti 36 zataka ampea 20. Kwa volti 48 zataka 15 tu. Na joto lipotealo katika waya hukua kwa mraba wa ampea, hata katika zile 20 joto ni zaidi ya mara moja na nusu ya lile la 15.

Neno moja la pembeni juu ya betri. Seli nyingi za volti 3.6 zina kobalti ndani, na zaidi ya nusu ya kobalti yote ichimbwayo duniani yatoka katika nchi yetu, hasa katika udongo huu wa Lualaba na wa Haut-Katanga. Hutoka hapa ikiwa unga katika magunia, nayo hurudi kwetu ikiwa imefungwa katika sanduku la plastiki lenye maandishi ya kigeni. Zipo pia seli zisizo na kobalti kabisa, zenye chuma na fosfeti. Hizo ni nzito zaidi, lakini zavumilia joto na kujazwa mara nyingi. Kila seli yake ni volti 3.2, na betri ya seli 16 za namna hiyo ikijaa hufika volti 58.4. Kontrola ya 48 iliyo na kapasita za volti 63 yaichukua, ila kwa nafasi ndogo. Fungua kifuniko usome kapasita kabla ya kulipa.

Kufunga nyaya

Vua pete na saa ya chuma. Volti 48 hazimtupi mtu mkavu chini, lakini pete ikigusa ncha mbili za betri hugeuka kaa la moto kidoleni. Betri na ikae mbali, haijaunganishwa, mpaka kazi yote imekwisha. Sheria hii haina ruhusa ya pembeni.

Sasa panga nyaya za kontrola juu ya kitambaa cheupe. Utaona nyaya nene tatu: manjano, kijani na buluu. Hizo ni za koili za mota. Utaona mbili nene, nyekundu na nyeusi: ni za betri. Utaona plagi ya nyaya nyembamba tano: nyekundu na nyeusi za kulisha vihisi, na manjano, kijani, buluu za kuleta habari zao. Iko plagi ya nyaya tatu kwa mshiko wa mwendo, ule wa kuzungusha kama wa pikipiki. Ziko za breki, mbili mbili. Halafu uko waya mmoja mwembamba, mara nyingi mwekundu au wa rangi ya chungwa, uliosimama peke yake. Huo ndio wa kufuli ya kuwashia, nao huuangusha mtu asiyejua. Hupitisha volti zote za betri, 48 kamili. Ukiuunganisha kwa makosa na waya mwekundu wa mshiko, ambao ni wa volti 5 tu, utaua mshiko, vihisi na akili ya kontrola kwa pigo moja. Rangi ni desturi, wala si sheria. Kiwanda kimoja hufuata, kingine hakifuati. Mwamini mita ya kupimia umeme kuliko macho.

Nyaya za betri ziwe na unene wa milimita 2.5 za mraba kwa uchache. 4 ni bora. Waya wa taa haufai. Maungio yabanwe kwa koleo au yalehemiwe, kisha yafunikwe. Kusokota nyaya kwa vidole na kuzungusha utepe ni kazi ya siku tatu: vumbi letu jekundu huingia, mvua hufuata, kutu huja, na ungio bovu huwa moto kuliko mota yenyewe.

Fyuzi iwekwe katika waya mwekundu, karibu na betri kabisa, si karibu na kontrola, kwa maana kazi yake ni kulinda waya wote ulio baada yake. Kwa kontrola ya ampea 15, fyuzi ya 20 au 25 yatosha. Na hapa iko siri ambayo mafundi wengi wa magari hawaifikiri: fyuzi nyingi za magari zimeandikwa volti 32. Ikikatika kwenye betri ya 48, cheche yaweza kuendelea kuruka katikati yake kama fundi wa kulehemu. Tafuta iliyoandikwa volti 58 au zaidi.

Ukiunganisha betri mara ya kwanza utasikia "pwaa!" na kuona cheche. Ni kapasita zinakunywa umeme kwa haraka. Cheche hiyo hula plagi kidogo kidogo. Gusisha kwanza kwa sekunde chache kupitia kizuizi cha omu 100, ndipo uunganishe kabisa; au nunua plagi yenye kizuizi ndani.

Kabla ya kufunga mshiko na vihisi, washa ufunguo na upime plagi zake kwa mita: kati ya nyekundu na nyeusi upate karibu na volti 5. Ikiwa sivyo, zima na utafute kosa. Kisha zima, funga mshiko, washa, upime waya wake wa habari: ukiwa umeachwa, volti 0.8 hivi, ukizungushwa mpaka mwisho, karibu na 4. Kumbuka jambo hili, maana linaweza kuokoa mtoto barabarani: waya mweusi wa mshiko ukikatika, waya wa habari huruka juu kuelekea volti 5, na kontrola isiyo na kinga hudhani umeomba mwendo wote. Baiskeli hukimbia yenyewe. Ndiyo maana nyaya za breki si pambo. Funga swichi za breki zote mbili, ili ukishika breki yoyote umeme wa mota ukatike papo hapo. Nimeona watu wengi wakiziacha zikining'inia kwa sababu "baiskeli yaenda bila hizo." Yaenda kweli, shida ni kusimama.

Sasa inua gurudumu juu, lisiguse chini, na uzungushe mshiko kidogo sana. Likizunguka kwa ulaini na kimya, umebahatika, rangi zimepatana. Likinguruma, likitetemeka au likigoma, achia mara moja, kwa maana wakati huo linakula ampea nyingi bure. Kontrola nyingi za siku hizi zina nyaya mbili nyeupe za kujifunza. Ziunganishe, washa, na kontrola itatafuta zamu yenyewe huku gurudumu likizunguka. Likizunguka kinyume, zitenganishe na kuziunganisha tena, kisha mwendo ukiwa sawa zitenganishe kwa daima. Kama hazipo, itabidi utafute kwa mkono. Mapatano ya rangi tatu za vihisi na rangi tatu za koili ni 36, lakini huna haja ya kuyajaribu yote. Acha vihisi kama vilivyo, ubadilishe nyaya nene tu. Mipango yake ni 6, na mmoja wapo tu ndio wa ulaini. Ukiupata, na gurudumu lazunguka kinyume, badilisha nafasi nyaya mbili za vihisi na uanze tena zile sita. Zima kila mara kabla ya kubadilisha. Andika katika daftari, maana baada ya jaribio la nne kichwa huchanganyika.

Mahali pa kuikaza

Kontrola yataka upepo. Ikaze juu ya chuma cha baiskeli, mgongo wake wa aluminiamu ukipata hewa, nyaya zikitoka upande wa chini ili maji ya mvua yadondoke, yasiingie. Usiitie katika mfuko mmoja na betri pamoja na matambara, ati isipate vumbi. Vumbi si kitu, joto ndilo adui yake. Waya utokao kwenye ekseli ya mota ushuke kwanza chini kama bembea, ndipo upande. Hivyo mvua za Novemba mpaka Aprili hazitautumia kama bomba la kuingilia ndani.

Na ekseli yenyewe! Mota isukumapo gurudumu mbele, ekseli hutaka kuzunguka nyuma. Katika baiskeli ya kawaida nati hubeba mzigo mdogo tu. Hapa hubeba nguvu yote. Ikizunguka katika uma, nyaya hukatwa kama kwa mkasi, zile nene hugusana na zile nyembamba, na kontrola hufa katika nusu sekunde. Fundi wa chuma yeyote aweza kukutengenezea mkono wa kuizuia: bapa la chuma la unene wa milimita 5 au 6, lenye tundu lifuatalo umbo la ekseli, na ncha yake ikafungwa kwenye bomba la uma kwa bolti. Ni kazi ya saa moja.

Baadaye, ikiwa baiskeli imekuwa nzito kusukuma ingawa betri imeondolewa, dalili hiyo ina maana. Chomoa nyaya nene tatu za mota, ncha zisigusane, uzungushe gurudumu kwa mkono. Likiwa jepesi, transista za kontrola zimeungua na kuunganisha koili zenyewe kwa zenyewe, nunua kontrola. Likibaki zito na la kukwama-kwama, ubovu uko katika mota au katika waya wake wa ekseli, na kontrola mpya ingeungua vile vile. Watu hununua kontrola mbili, tatu, kwa kukosa kufanya jaribio hili la dakika moja. Na gurudumu likitetemeka kuanza, pima vihisi: washa, zungusha gurudumu polepole kwa mkono, na kila waya wa habari uruke kati ya 0 na 5. Usioruka, kihisi chake kimekufa, au waya wake umekatika.

Siku ya kwanza usipakie makala. Nenda kilomita 2 bila mzigo, simama, uguse kontrola, mota na kila ungio. Siku ya pili gunia moja. Siku ya tatu panda kilima kile unachokijua, ukisaidia kwa pedali kila unapoanza kuondoka, kwa maana kuondoka ndiko kulako ampea. Juu ya kilima simama uweke kiganja juu ya kontrola. Ukiweza kukiacha hapo ukihesabu polepole mpaka 5, endelea na safari. Usipoweza, pumzisha baiskeli kivulini mpaka ipoe, na kesho yake upunguze mzigo.